Kipande cha Mwisho Kilikuwa Chake

Nyumbani kwetu kitabu kinene hakikai kizima. Kikiingia, mdogo wangu wa kiume anakikata kwa wembe vipande vitatu, mimi navishona pembeni kwa cherehani, kila kipande nakivika jalada la kitenge kilichobaki kwa wateja. Kisha kila mmoja wetu anachukua chake. Wageni wakiona rafu yetu hudhani ni vitabu vya kwaya.

Tulianza hivyo baada ya wazazi wetu kufariki, mmoja nyuma ya mwingine. Mimi ndiye wa kwanza. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikakaa kwenye cherehani ya mama. Nyuma yangu yupo wa katikati, huyo wa kiume, na nyuma yake wa mwisho, wa kike, ambaye wakati ule ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusoma bila kufuata mstari kwa kidole. Tulikuwa bado tunaishi juu mlimani, kwenye migomba na kahawa. Kanisani kwetu asiye na fedha hutoa sadaka ya alicho nacho, na baada ya ibada mayai, ndizi na kuku vinanadiwa nje. Jumapili moja, kati ya mkungu wa ndizi na trei ya mayai, palikuwa na kitabu. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi akakiinua juu, akauliza nani analitaka tofali hili. Watu wakacheka. Nikataja bei, na hakuna aliyepandisha juu yangu.

Kile kitabu kilituletea ugomvi wa siku nyingi. Nikikiweka chini kugeuza mboga, wa katikati amekichukua. Akienda kuchota maji, wa mwisho amekimbia nacho migombani. Mwishowe wa katikati akasema tukikate kama mkate, na mimi nikachoka, nikampa wembe. Nilidhani tutapokezana kwa mpangilio, mwanzo kwanza, halafu katikati, halafu mwisho. Hawakuwa na subira hiyo. Kila mmoja alianza na kipande alichoshika mkononi, na kama mimi nilivyoshika mwanzo, wa katikati alishika katikati, na wa mwisho akashika mwisho. Imebaki hivyo mpaka leo. Ukimaliza chako unampa mwenzako, ukipata nafasi unapokea kingine. Sheria ni moja tu: husemi kilichomo kwenye kipande chako mpaka wote watatu wamemaliza.

Kwa kuwa hatusomi kwa kasi moja, kitabu kimoja hakikutosha. Palikuwa na mtu anayesubiri kila wakati. Basi tukakata cha pili, na cha tatu. Ndiyo maana katika maisha yangu yote ya utu uzima sijawahi kuwa na kitabu kimoja. Nina mwanzo wa hadithi hii chini ya cherehani, nasoma mteja anapokwenda kujaribu gauni. Nina katikati ya nyingine jikoni, juu ya debe la unga. Nina mwisho wa nyingine kitandani. Wateja huniuliza kama sichanganyi. Mimi hukaa na magauni ya wanawake wengi kwa wiki moja, na sijawahi kushona mkono wa mmoja kwenye bega la mwingine. Watu wa vitabuni ni hivyo hivyo. Ukiwaacha kidogo ukaenda kwa wengine, unarudi ukiwa umewakumbuka.

Tulipohamia mjini, huku Moshono, tulikuja na vipande vyetu kwenye gunia la kahawa. Wa katikati sasa ni dereva wa watalii, ameoa, anakaa Olasiti. Jumapili anapita kwangu kubadilishana vipande kama wengine wanavyopita kwa dada zao kula. Wa mwisho amesoma. Nilimsomesha, na sisemi hivyo ili nisifiwe, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Anafanya kazi duka la dawa Themi na bado anaishi na mimi.

Huyu wa mwisho ndiye aliyekuwa akitunza miisho yetu. Tangu akiwa mdogo alikuwa anajua nani atakufa, nani ataoa nani, shamba litauzwa au halitauzwa. Mimi niko mwanzoni kabisa, namsoma bwana mmoja mchangamfu anayenunua kofia, nikiinua macho namwona mdogo wangu ananiangalia kwa huruma. Nikimuuliza, "Kofia ina nini?" anasema, "Soma tu, dada." Nilikuwa napenda kuangaliwa vile. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuniangalia hivyo.

Halafu akaja mwenzake mmoja wa kazini.

Sikumwona. Nilikiona kitabu chake. Kilikuja ndani ya mkoba wa mdogo wangu, kizima, kimevikwa nailoni kama daftari la mtoto wa shule ya kulipia. Mdogo wangu akakisoma kuanzia ukurasa wa kwanza, akala nacho, akaoga haraka ili akirudie, akakirudisha. Kikaja kingine. Nikamkumbusha kwamba kipande cha mwisho cha hadithi ya mashine ya kusaga kinamsubiri kitandani kwake. Akanijibu kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniuma.

"Dada, nataka nianze kimoja nikimalize. Nimechoka kujua mtu kafa kabla sijajua kazaliwa wapi."

Nikasema sawa. Haikuwa sawa hata kidogo.

Kuanzia hapo nikawa nawasikia. Jioni anatoka na simu, anasimama karibu na uzio chini ya mparachichi, anamrekodia mwenzake sauti kuhusu alipofikia. Anacheka. Anasikiliza majibu, anacheka tena. Mimi niko ndani nakata pindo na masikio yangu yako nje. Walikuwa wanasimuliana kila kitu, ukurasa kwa ukurasa, bila kumsubiri mtu. Akirudi ndani nikimuuliza kulikuwa na nini, anasema, "Aa, kitabu tu." Nilielewa wanavyojisikia wanawake ambao waume zao wanarudi nyumbani wameshiba.

Miisho ikaanza kulundikana. Vipande vyangu vya kitenge vilikaa kando ya kitanda chake, kimoja juu ya kingine, na juu yake akaweka chaja na mafuta ya kujipaka. Wa katikati akawa ananipigia simu akiwa njiani na wageni wake. "Sista, mwisho wa yule bwana wa mashine uko wapi? Mimi niko naye katikati mpaka nimemchoka." Ningeweza kuingia chumbani nikauchukua. Sikuuchukua. Mwisho hutoka mikononi mwake, ndivyo ilivyo, na mimi si mtu wa kuacha jambo kwa sababu mwenzangu amelichoka. Nikasubiri. Nilisoma mianzo mitatu kwa zamu, na mianzo bila miisho inachosha kuliko unavyofikiri.

Mwezi wa saba, mlima ukiwa haujaonekana kwa wiki nzima na baridi imekaa mpaka saa sita mchana, nikaingia chumbani kwake kuchukua mashuka ya kufua. Kitabu cha mwenzake kilikuwa chini ya mto. Hakuwahi kuniambia nisikiguse. Nikakaa kitandani na mashuka mapajani, nikafungua ukurasa wa kwanza nione kuna nini humo kinachomshinda dada yake.

Kilikuwa kizuri. Hilo ndilo lililoniudhi. Kilimhusu mwanamke aliyefungua mgahawa kando ya barabara kuu, na wateja wake. Mwandishi hakuwa na haraka. Chai ilichemka, maandazi yakaiva, na wewe msomaji huondoki. Nilikuwa natafuta upuuzi ili nimcheke yule mwenzake, na badala yake mashuka yalifuliwa saa kumi. Siku zilizofuata, mdogo wangu akishaondoka kazini nakichukua, nakisoma kwenye cherehani, naweka uzi mwekundu nilipofikia, na kabla hajarudi nautoa uzi, ukurasa naukumbuka kichwani, na kitabu nakirudisha chini ya mto. Kikawa kitabu changu cha nne wakati ule, na ndicho nilichokisoma kwa kasi zaidi. Nilisoma kwa wivu. Kila sentensi nzuri nilijiuliza kama ndiyo hii waliyoichekea kwenye uzio.

Jumapili moja nikakisahau kwenye cherehani. Nilikuwa nimeiba dakika chache asubuhi, mdogo wangu akiwa ametangulia kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Nikaona nachelewa, nikafunga mlango, nikaenda.

Wa katikati ana ufunguo wake. Siku hiyo alipita mapema kwa sababu alikuwa anakwenda kuchukua wageni wa kupeleka Serengeti, msimu ulikuwa umepamba moto. Akakuta kwenye cherehani kitabu kinene, kipya machoni pake, na uzi wangu mwekundu unaning'inia. Kwake hilo halikuhitaji maelezo. Alifungua droo, akatoa wembe, akachana nailoni, akakata mara mbili. Mwanzo akauacha palepale kwa ajili yangu. Mwisho akaenda kuuweka juu ya mto wa mdogo wetu wa mwisho, kama afanyavyo siku zote. Katikati akaondoka nayo. Nilipotoka ibadani nikakuta ujumbe wake kwenye simu: kipya amekikata, kinaelekea ni kitamu, nishone hivyo viwili, yeye chake atashonewa akirudi.

Nilifika nyumbani kabla ya mdogo wangu. Nikaona kile kipande juu ya mto wake. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha, na nilikaa nayo kidogo kabla sijaanza kuogopa.

Aliporudi aliingia moja kwa moja chumbani kuvua joho. Akatoka amekishika kwa vidole viwili.

"Dada, hiki ni nini?"

"Kipande chako."

"Hiki kitabu si chetu."

"Aliyekata ni kaka yako. Mimi nilikuwa kanisani."

"Kaka alikitoa wapi? Nilikiacha chini ya mto."

Nikamwambia kilikuwa kwenye cherehani, nilikuwa nakisoma. Nikajiandaa kugombezwa. Akaniangalia, akaona uzi, akaniangalia tena.

"Umefika wapi?"

"Pale mteja wa kila siku anapoagiza sahani mbili na yuko peke yake."

"Basi uko mwanzoni bado," akasema, na kwa muda mfupi sana alikuwa na ile sauti ya zamani, ya mtu anayejua mbele kuna nini. Halafu akakumbuka kwamba amekasirika. Yeye mwenyewe alikuwa ameishia katikati, kwenye kipande ambacho saa hiyo kilikuwa ndani ya gari kimepita Makuyuni, njia ya Serengeti. Akatoka na simu mpaka kwenye uzio. Nilimsikia akimwomba mwenzake samahani, tena samahani, tena jamani samahani sana. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho aliyoniomba mimi samahani namna ile, sikukumbuka.

Wiki ile tuliongea mambo ya chumvi na mkaa. Kipande cha mwisho kilikaa juu ya meza, karibu na chupa ya chai, na hakukigusa. Alipopanga sahani alizipanga kukizunguka. Nilikishona, nikakivika kitenge cha bluu nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya mto wangu, nikakirudisha palepale. Hakukigusa. Sikuwa na wasiwasi na kitabu cha watu, kitabu kinarekebishika. Nilichokuwa nakiangalia kila nikimimina chai ni kama atakifungua. Akikifungua, bado anasoma na sisi. Asipokifungua, basi kilichobaki ni mimi na wa katikati na mianzo yetu, na mdogo wangu amekuwa mpangaji anayekuja kulala.

Jumamosi akaniambia mwenzake anakuja kuona kitabu chake. Nilisafisha nyumba kwa hasira. Nilikuwa nimeshamchora kichwani: mrefu, miwani, anaongea huku anaangalia dari kama ina buibui. Akaingia msichana mfupi amevaa sweta la kufumwa, ana mfuko wa matunda ya karakara, akaniamkia "Shikamoo, dada," kwa kuinama kabisa, ingawa hatupishani miaka mingi. Nikaitikia marahaba. Nilitamani angekuwa na dharau kidogo, ingenirahisishia kazi.

Nikamwekea vipande viwili mbele yake. Akavigeuza. Nailoni ilikuwa bado imeng'ang'ania ukingo mmoja.

"Na katikati?"

"Iko Serengeti," mdogo wangu akasema, na kichwa chini.

Mgeni akafikiri. "Kwa hiyo kitabu changu kimefika Serengeti kabla yangu."

Mdogo wangu akaanza kucheka, kisha wote wawili wakacheka, kile kicheko cha uzioni, sasa kikiwa sebuleni kwangu. Nikaenda kuchemsha maziwa ambayo yalikuwa yamekwisha chemshwa.

Niliporudi mgeni alikuwa amesimama kwenye rafu, ana vipande vyetu mkononi. Anauliza nani ameshona, anapitisha kidole kwenye mshono, anasema hata vitabu vya dukani havifungwi hivi. Mdogo wangu akawa anamweleza yote: mnada, wembe, nani anashika wapi. Alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi, na nikaona wivu hata kwa hilo, kwamba hadithi yetu anampa huyu bure, na huyu anaipokea kwa macho makubwa. Sifa zake za mshono ziliniingia, na nikakasirika kwamba zimeniingia.

Tukakaa kunywa chai. Mgeni, kwa nia njema kabisa, akamgeukia mdogo wangu akamwambia asisumbuke kuhusu katikati, hajakosa makubwa, yeye atamsimulia. "Pale ulipoishia, yule mama wa mgahawa anapokea ugeni, sasa kumbe huyo mgeni ni..."

"Usiseme," mdogo wangu akasema.

Hakupaza sauti. Aliweka tu kikombe chini.

"Kwa nini? Si huwa tunasimuliana?"

"Hicho kiko kwa kaka. Bado anasoma."

"Lakini kitabu ni changu. Nimekisoma chote."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba usiseme."

Mgeni akaniangalia mimi kama mtu anayetaka tafsiri. Nikachukua chupa nikamwongezea chai, nikamsogezea mkate, nikamuuliza kwao ni wapi na wazazi hawajambo. Nilikuwa mkarimu ghafla. Haikuwa furaha nzuri, lakini ilikuwa yangu, na nilimimina chai mpaka ikagusa ukingo wa kikombe.

Alipoaga akasema tumalize kwanza, hana haraka, ila akaomba kitabu kirudi kikiwa kimoja. "Utaweza kukiunganisha, dada?" Nikamwambia naweza. Mdogo wangu akatoka kumsindikiza. Kutoka kwangu hadi barabarani ni hatua za kutosha kusema kwaheri mara moja. Wao walisimama kwenye geti, wakasimama kwenye kona, wakasimama tena kwa muuza mahindi, na mimi dirishani nashika pazia kama nalipima. Mkono wa mgeni ulikuwa begani kwa mdogo wangu. Nikaachia pazia, nikaenda kuwasha pasi.

Akarudi. Akavua viatu, akakaa kwenye kigoda karibu na meza, akapasua karakara moja akainyonya. Akafuta vidole kwenye sketi. Halafu akanyoosha mkono, akachukua kipande cha bluu, akakifungua.

Nilikuwa napiga pasi. Niliendelea kupiga pasi palepale mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kuungua kidogo.

Baada ya kurasa kadhaa akauliza bila kuinua kichwa, "Huyu mzee wa baiskeli ametokea wapi?"

"Mimi sijakutana naye."

"Mm." Akageuza ukurasa. "Utakutana naye."

Wa katikati alirudi siku chache baadaye na kipande chake kimejaa vumbi, ukurasa mmoja una alama ya kidole chenye grisi. Alipoambiwa kitabu ni cha nani akashika kichwa, halafu akauliza mwisho uko wapi, na mdogo wangu akampa kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia asimwambie mtu. Akamwekea na mwisho wa mashine ya kusaga juu yake. Mimi nikapata katikati. Kweli yule mgeni wa mgahawa ni mtu mzito, sitasema.

Siwezi kudai kwamba mdogo wangu amerudi kabisa. Bado analetewa vitabu vizima, bado anakwenda kwenye uzio na simu. Ila vipande havilundikani tena kama mwanzo, na chaja ameihamishia dirishani. Siku hizi ana vitabu vyake na vyetu, analalamika kwamba anawachanganya watu, na mimi namwambia atazoea.

Wote watatu tumemaliza kile cha mgahawa. Tulikijadili Jumapili nzima, mpaka wali ukapoa. Vipande vyote vitatu viko kwangu, na mwenzake anauliza kwa heshima, kila baada ya muda, kama nimeshakiunganisha. Ninajua nikikishona kitarudi kwake, na siku hiyo hiyo kitakuja kingine kizima, chenye nailoni. Jana mdogo wangu aliniuliza tena. Nikamwambia uzi unaofaa kwa kazi ile haujapatikana mjini.

Droo ya cherehani imejaa uzi. Anajua, huwa ananipangia yeye kwa rangi. Akaitikia tu, akaenda kumwambia mwenzake kwamba dada bado anatafuta.